Elfu Ngapi? Magemu ya Mezani Yaliyokula Hela Yangu na Yaliyoistahili

Mwaka juzi mwezi wa sita nimetoka shifti ya usiku, natunza wazee huku Minnesota kama Waafrika wenzangu wengi tu, macho mazito, nikakatiza mtaa ambao sio wangu nikakuta watu wameanika vitu mbele ya gereji wanauza. Huku joto likiingia ndo mtindo, kila mtu anatoa mavitu yake ya miaka 30 anayabandika bei. Katikati ya masufuria na viatu vya kuteleza kwenye barafu kulikuwa na boksi la zambarau lililopauka, kona moja imebonyea, juu limechorwa joka la kijani linaibuka majini. Dola 5. Mama muuzaji akasema lilikuwa la kaka yake, alilisahau toka wako shule.

Nilijua ni nini, Dungeons & Dragons (D&D) ya zamani, kwa sababu wakati huo nilishatupa kama dola 150 kwenye magemu ya aina hii na nilikuwa nimemwapia mke wangu kwamba sinunui tena. Nikalipa haraka haraka nikaliweka chini ya siti.

Nyumbani nikafungua. Kitabu cha kanuni cha kurasa 64, kijitabu kingine cha safari ya kuanzia, dadu sita za plastiki zilizolika kona, na kipande cha kreyoni. Kreyoni nikadhani ni ya mtoto imeingia kwa bahati mbaya, kumbe hapana, ilikuja na gemu lenyewe! Zamani hizo dadu ziliuzwa namba zake hazijatiwa rangi, unasugua kreyoni mwenyewe mpaka inaingia kwenye vile vijishimo vya namba, halafu unafuta juu kwa kitambaa. Chini kabisa kulikuwa na karatasi ya mhusika imeandikwa kwa penseli, mkono wa kitoto. Mpiganaji, uhai 3. Imekatwa msitari mwekundu kutoka kona hadi kona na pembeni neno moja tu: panya.

Aliuliwa na panya. Nikacheka peke yangu jikoni saa tatu asubuhi.

Kwa asiyejua nazungumzia nini, haya sio magemu ya simu wala ya pleisteshen. Ni magemu ya kuigiza mezani. Mnakaa watu wanne watano, mmoja anasimamia dunia nzima kichwani mwake, waliobaki kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, msimamizi anasema mmefika mlangoni, ndani mnasikia kitu kinakoroma, mnafanyaje? Na nyie mnajibu chochote kile, na pale ambapo haijulikani kama mtafanikiwa mnarusha dadu. Basi. Hakuna mshindi, na wiki ijayo mnaendelea mlipoishia. Kuna watu wakiwaelezea Waswahili hili gemu wanasema ni kama hadithi za bibi, mi nakataa. Bibi yangu Korogwe ukimwambia "hapana bibi, sungura asiende kisimani" unakula kofi. Kazi yako ilikuwa kuitikia pakawa na kunyamaza. Huku sungura ni wa kwako, akienda kisimani umempeleka wewe, na akifa umemuua wewe.

Na kitu kimoja kilichonifanya nianze kufuatilia ni kwamba haya mambo yamezaliwa hapa hapa ninapokaa. Mwishoni mwa miaka ya 60 kuna kijana wa hapa anaitwa Dave Wesely alikuwa na wenzake wa kucheza vita kwa wanajeshi wa kuchezea, siku moja badala ya kumpa kila mtu jeshi akampa kila mtu mtu mmoja tu, kwenye mji wa kubuni alioupa jina Braunstein, watu wakaanza kuzungukana na kupanga njama wenyewe kwa wenyewe na yeye akaona shughuli imemshinda, kaharibu, kumbe wenzake ndo wanauliza lingine lini. Mmoja wao, Dave Arneson wa St. Paul, akalipeleka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake na kuongeza mapango na mazimwi, akaita dunia yake Blackmoor. Kisha akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la jirani la Wisconsin, na 1974 wakatoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu kwenye boksi, nakala 1,000 tu za kwanza, dola 10. St. Paul ni dakika 20 toka kwangu. Nimeshawahi kubeba mzee wa miaka 80 na kitu kumpeleka kliniki kule nikawa najiuliza huyu naye asije akawa alikuwa mmoja wao.

Sasa turudi kwenye dola 150.

Nilianza kama kila mtu anavyoanza, niliona watoto wa kwenye ile tamthilia maarufu ya Netflix wanacheza, nikaingia duka la magemu, nikasema nataka lile gemu, kijana akaniwekea mezani vitabu vitatu vya D&D toleo la tano, lile la 2014, kila kimoja dola 50 kasoro senti tano. Kimoja cha mchezaji, kimoja cha msimamizi, kimoja cha mazimwi. Ukijumlisha kurasa ni 992, nimehesabu. Vitabu vizuri kweli, picha za kufa mtu, harufu ya karatasi mpya. Nikasoma mwezi mzima kazini usiku wazee wamelala. Halafu Jumapili moja nikawaita watu: mshkaji wangu Mkenya wa Nakuru, dada mmoja wa Bukavu tunayefanya naye kazi, na binti yangu ambaye wakati huo ana miaka 12. Pilau ipo, soda zipo.

Masaa matatu. Masaa matatu tunatengeneza wahusika tu. Kila nikifungua kitabu kuna neno ambalo lina maana yake maalum ukurasa mwingine, na huko ukifika kuna neno lingine linakurusha kwingine. Kuna kitendo, kuna kitendo cha ziada, kuna kitendo cha kujibu, kuna kutembea, na mi natafsiri kwa sababu pale mezani lugha yetu ya pamoja ni Kiswahili, Kiingereza kila mtu anacho cha kazini lakini cha kuchekea hana. Mkenya akaniangalia akasema, "Boss, hii ni gemu ama ni KCSE?" Pilau likaliwa, watu wakaondoka, joka hawajaliona.

Nikalaumu Kiswahili. Kweli kabisa, wiki nzima nilikuwa najiambia lugha yetu haina maneno ya haya mambo. Lile boksi la panya ndo lilinitoa ujinga, kwa sababu nilivyolisoma nilikuta naweza kulieleza lote kwa Kiswahili nikiwa naosha vyombo. Unarusha dadu tatu mara sita, kwa mpangilio, ndo sifa zako hizo, nguvu, akili, hekima, wepesi, afya, mvuto. Chagua kazi. Una vipande vya dhahabu kadhaa, nunua kamba na mienge. Twende. Hili ni toleo la 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay, na siku hizi PDF yake inauzwa mtandaoni kwa chini ya dola 10 kwa hiyo huna haja ya kuvizia gereji za watu.

Toka hapo nina kipimo kimoja tu cha kununua gemu. Kabla sijatoa hela nachukua kanuni za bure (karibu kila gemu sa hivi lina kijitabu cha bure cha kuonja), nasoma, nafunga, halafu namuelezea binti yangu kwa Kiswahili bila kufungua tena. Nikikwama zaidi ya mara mbili sinunui. Sio kwamba gemu ni baya. Ila kanuni inayohitaji neno lake maalum ili isimame, mezani kwangu itaanguka, na kanuni ambayo ni kitu unachokiona, mwenge, kamba, hasira, damu, inaingia kwenye Kiswahili kama imezaliwa humo.

Maneno ya mazimwi wala hayakuwa shida, tena huko ndo Kiswahili kilikuwa kinajidai. Zimwi tunalo, joka tunalo, vile vijitu vyenye fujo vya mapangoni tukaviita vibwengo, vizuka vipo, majini yapo. Shida ilikuja kwa watu. Wale wafupi wenye ndevu wanaochimba migodi, mi nikasema mbilikimo, kamusi nayo inakuambia hivyo hivyo. Dada wa Bukavu akaweka glasi chini. "Apana. Bale ni batu. Tunaishi nabo kule kwetu." Na kweli, mbilikimo ni jina ambalo wenyewe Batwa hawalipendi, na mi nalichukua nampa kiumbe wa kubuni kama vile na wao wa kubuni. Nikaomba radhi. Tukakubaliana tuwaite wachimbaji, na Mkenya ambaye ndo alitaka kuwa mmoja wao akampa mhusika wake duka dogo kijijini na jina Mangi, eti mfupi, ana ndevu, anahesabu hela, hakopeshi. (Nilimwonya kwamba kuna wasomaji wangu wa Moshi.)

Na wale warefu wenye masikio ya ncha? Hakuna neno. Binti akasema tuwaite tu elfu, kama Kiingereza chake, elf, ila cha kwetu. Akaanza kujitambulisha kwenye mchezo: "Mimi ni elfu." Mkenya: "Elfu ngapi?" Gemu lilisimama dakika kumi. Mpaka leo elfu wote kwenye meza yetu wana idadi, yupo Elfu Tatu, yupo Elfu Kumi na Tano ambaye ni mwenye majivuno.

Uchawi nao. Wenzetu neno lao moja linabeba mzee mwenye fimbo na ndevu nyeupe na watoto wanampenda. Sisi mchawi ni mchawi, hakuna mtoto anataka kuwa mchawi, na mama yangu aliposikia kwenye simu mjukuu wake anacheza mchawi niliitwa pembeni kuulizwa huko Marekani tunasali wapi. Tukaweka mganga kwa anayetibu na kulinda, na mchawi akabaki kuwa adui. Kumbe gemu likawa bora! Kwa sababu ghafla kijijini ukimkuta mtu anatumia nguvu hizo watu wote mezani wanajiuliza ni yupi kati ya hao wawili, swali ambalo kwenye kitabu cha Kiingereza halipo kabisa.

Kipimo changu kimekataa vitu maarufu. Toleo la pili la D&D, la 1989, nililikuta kwenye duka la vitabu vya mitumba nikalinunua kwa ajili ya picha, na picha kweli. Ila humo kuna kitu wanakiita THAC0, ambacho ni namba unayohitaji kumpiga mtu ambaye kinga yake ni sifuri, na kinga inavyozidi kuwa nzuri namba inashuka, kwa hiyo namba yako ikiwa ishirini, mwenye kinga 4 unatoa nne unapata kumi na sita, mwenye kinga hasi moja unatoa hasi moja yani unajumlisha, ishirini na moja, ambayo kwenye dadu ya pande ishirini haipo. Jaribu kumweleza mtu hivyo kwa Kiswahili akiwa ameshika mfupa wa kuku. Lile la 1981 nalo kinga inashuka vile vile, ila wamekuwekea jedwali, unaangalia tu, hamna kutoa wala kujumlisha. Hili la 1989 linakaa kabatini, napenda kulifungua, silichezeshi.

Pathfinder pia. Ni gemu la watu makini, lilianza 2009, toleo la pili la 2019 kitabu chake kikuu kilikuwa na kurasa 640, unaweza kumlazia mgonjwa. Kanuni zake zote ziko bure mtandaoni kwenye tovuti ya Archives of Nethys kwa ruhusa ya wenyewe, kwa hiyo kama ubongo wako unapenda kupanga na kuunganisha vitu vidogo vidogo kama fundi wa redio kasome huko kwanza, ukipenda ndo ununue. Na hao D&D wenyewe toleo la tano usinunue kabla ya kusoma za bure. Mwezi wa kwanza 2023 walitaka kubadilisha leseni inayoruhusu wengine watumie kanuni zao, mashabiki wakachachamaa, kampuni ikarudi nyuma ikaachia kanuni za msingi kwa leseni ya Creative Commons, ambayo hairudishwi tena. Ziko pale, chukua.

Sasa ambalo lilipita kipimo bila hata kujikwaa ni Dragonbane, na hapa nitakaa kidogo.

Ni la Sweden. Linaitwa Drakar och Demoner kwao, yani majoka na mashetani, lipo toka 1982, na kwa Waswidi wengi wa umri wangu ndo gemu la utotoni, kama sisi na bao au drafti barazani. Kampuni ya Free League ikalitoa upya 2023, kwa Kiingereza pia. Unanunua boksi moja, na humo kila kitu kipo: kitabu cha kanuni chenye kurasa mia na kidogo, kitabu cha safari nyingi zinazoungana kwenye bonde moja lenye ukungu, ramani, dadu, karata, vijitu vya kadibodi vya kusimamisha mezani, na hata safari ya kucheza peke yako kama huna watu. Ndo boksi pekee nililowahi kununua jipya kwa bei kamili na mke wangu hakuuliza, kwa sababu naye alikuwa ameshakaa mezani.

Kanuni nzima ni hii. Una ujuzi, tuseme kupanda ukuta, 12. Rusha dadu ya ishirini, ukipata 12 au chini umepanda. Ukipata 1 umepata joka, mambo yamenyooka kupita kiasi. Ukipata 20 umepata shetani, na kila mtu mezani anaanza kufurahia balaa lako. Ukishindwa unaweza kulazimisha, rusha tena, lakini kulazimisha kuna bei: unachagua hali moja kati ya sita, umechoka, unaumwa, una kizunguzungu, una hasira, una woga, au umekata tamaa, na lazima useme imekuwaje. Yani sio namba inayopungua kwenye karatasi, ni mtu kapandwa na hasira. Dada wa Bukavu, ambaye kwenye lile gemu la kurasa 992 hakusema maneno kumi, siku ya kwanza ya Dragonbane alikosa mlango akasema analazimisha, amekata tamaa, kwa nini, "Kwa sababu ni mulango wa tatu leo, na kule kazini nako milango yote ina code." Tulicheka, na mlango ukafunguka.

Nani anaanza kwenye mapigano? Mnachukua karata zenye namba 1 mpaka 10, mwenye ndogo anaanza. Nani asiyejua karata. Na zimwi likikushambulia halikosi, msimamizi anarusha dadu ya sita kuona limefanya nini, limekung'ata, limekurusha, limenguruma mpaka mmeganda, na njia yako ya kawaida ni kukwepa, ila ukifanya hivyo zamu yako imeenda. Watu wanaogopa mazimwi kikweli kweli.

Halafu kuna bata. Nasema kweli, unaweza kuwa bata. Bata mwenye upanga, anayeogelea vizuri, na kipaji chake cha kuzaliwa ni hasira: anajipandisha hasira makusudi ili arushe dadu mbili achague nzuri. Binti yangu aliliona ukurasani akaacha elfu wake hapo hapo. Hawa bata sio utani wa Waswidi peke yao, RuneQuest ya Kimarekani ya 1978 ilikuwa nao kwenye dunia yake ya Glorantha, na gemu la Sweden lilijengwa juu ya kanuni za kampuni hiyo hiyo, Chaosium. Sisi Wabongo lakini tuna sababu ya ziada. Kila kikao kikiisha na hazina ikigawanywa binti anatangaza kwamba sasa anakwenda kula bata, na Mkenya kila mara anamwonya kwamba huko ni kula ndugu zake.

Lingine ni Shadowdark, la Kelsey Dionne, 2023 hiyo hiyo. Lenyewe lina ujanja mmoja ambao ukiusikia unasema mbona hakuna aliyefikiria miaka 50 yote hii: mwenge unawaka saa moja, saa moja ya kweli, ya ukutani. Unaseti simu, unaiweka mezani, ikilia mwenge umezima, na humo ndani mazimwi yanaona gizani na nyie hakuna hata mmoja anayeona. Mtu aliyekulia kwenye mgao wa umeme hahitaji maelezo. Mi nikiwa nachezesha hili naona watu wanaongea haraka, wanaacha kubishana nani aingie kwanza, na dakika ya hamsini Mkenya anaanza kuiangalia simu kama anasubiri meseji ya mshahara. Kijitabu cha kuanzia ni cha bure kabisa na kinatosha miezi. Kitabu kikubwa nilikuja kununua baadae kwa sababu ya majedwali yake, unarusha dadu unapata pango, unapata uvumi, unapata jina la baa, nikiwa nimechoka na sijaandaa chochote hayo ndo yananiokoa.

Ukinibana niseme moja tu la kuanzia, boksi la Dragonbane kama hela ipo. Kama hela haipo, Cairn.

Cairn ni la Yochai Gal, la 2020, PDF ni bure, toleo la pili limetoka 2024 nalo bure. Kijitabu chembamba. Sifa tatu tu. Hakuna kurusha dadu kuona kama umempiga mtu, umempiga, rusha ya kuumiza moja kwa moja, kwa hiyo vita ni vifupi na vinatisha na watu wanajifunza kuvikwepa. Mzigo ni nafasi kumi, na uchovu unakula nafasi, ukichoka sana itabidi uache kitu. Na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kutafsiri, hata kuuza tafsiri yake, mradi naye aiachie kwa masharti hayo hayo. Mnaona ninapoelekea. Nimeanza toka mwezi wa pili, ukurasa mmoja mmoja, kazini usiku. Sifa nimeziita Nguvu, Wepesi na Moyo. Nilikokwama siku nne ni pale kwenye uhai, kwa sababu kwa Cairn ile namba sio uhai, ni kile kinachokufanya usiumie: ikiisha ndo panga linaanza kugusa mwili na Nguvu inapungua. Niliandika uhai, nikafuta, nikaandika bahati, nikafuta, sa hivi imekaa kinga lakini nikisoma kwa sauti naona kama sindano ya surua.

Mengine harakaharaka. Old-School Essentials ya Gavin Norman ni lile boksi langu la 1981 limepangwa upya kwa akili sana, kama unataka kuchezesha hilo la zamani nunua hii uache la zamani lipumzike. Daggerheart ya 2025 inarusha dadu mbili za kumi na mbili, moja ya tumaini moja ya hofu, iliyo kubwa inaamua hali inaelekea wapi, kwa Kiswahili inakaa vizuri mno, ila ina karata kibao zenye maandishi na mi nimelichezesha mara moja tu kwa hiyo nanyamaza. Ironsworn ni bure, unaweza kulicheza peke yako, linafaa sana shifti ya usiku.

Na Afrika? Yapo. Nyambe ilitoka 2002, na Spears of the Dawn ya Kevin Crawford ilikuja kama miaka kumi baadae. Hii ya pili ninayo, imesimamia zaidi Afrika Magharibi, na moja ya kazi unazoweza kuchagua ni nganga. Niliposoma lile neno nilipata hisia za ajabu, kama kukutana na mtu wa kijijini kwenu airport ya mbali amevaa koti la baridi, ndo yeye, ila herufi yake ya kwanza ameibadilisha njiani.

Ndugu zangu wa nyumbani mnaonitumia meseji kwamba dadu za ajabu mtazitoa wapi, sikilizeni. Tunnels & Trolls ya Ken St. Andre, ya 1975, mwaka mmoja tu baada ya D&D, inatumia dadu za kawaida za ludo peke yake. Na ina masihara, kuna uganga wa kushambulia ambao kwa tafsiri yangu unaitwa Chukua Hiyo Shetani We. Kama unataka gemu la dadu ya ishirini, kata vikaratasi, andika 1 mpaka 20, weka kwenye kikombe, tikisa, chukua kimoja, rudisha. Sio mbinu ya kimaskini, 1979 kampuni ya D&D yenyewe iliishiwa dadu ikawa inaweka vikaratasi vya namba kwenye maboksi yake. PDF unalipia kwa ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, unaprinti steshenari, unabaindi, imeisha hiyo.

Mpwa wangu yuko Tanga, kidato cha tatu, nilimtumia kurasa za Cairn nilizokwisha tafsiri pamoja na ile kanuni ya mwenge wa saa moja nikamwambia achanganye. Wiki iliyopita kanitumia voisi ya dakika sita. Wako watano kwenye chumba cha mwenzao, vikaratasi kwenye kofia ya barakashee, simu imesetiwa, wameingia pangoni, bado dakika 23 mwenge uzime, na umeme ukakatika mtaa mzima. Msimamizi, ambaye ndo mpwa wangu, akatangaza mwenge umezima. Wenzake wakaja juu, eti huo ni wa Tanesco sio wa pangoni, dakika zao zipo, na ugomvi wote huo nausikia ndani ya giza, kuna mmoja anapiga meza, kuna mmoja anauliza kibiriti kiko wapi na haieleweki anauliza cha wapi.

Mwishoni anasema, "Mjomba, hebu tuamulie, inahesabika au haihesabiki?"

Nimemjibu inahesabika.